Salamu Ndani ya OB ya Baba

Enzi zetu Kiingereza kilisomwa kwa miguu. Mliosoma shule za Kawangware na Kibera miaka ya tisini mtanishuhudia. Kitabu cha Kiingereza cha darasa la sita hakikuwa cha mtu mmoja. Chetu kilikuwa na nyumba mbili: moja huku kwetu Kawangware 46, na nyingine kwa shangazi yangu kule Kianda, Kibera, kwa kuwa binti yake Rispa alikuwa darasa la sita kama mimi. Wiki hii kinalala kwao, wiki ijayo kinalala kwetu. Zamu yangu ya kukifuata ikifika, Jumamosi asubuhi navaa sandaki zangu za plastiki, nashuka hadi Dagoretti Corner, navuka barabara ya Ngong, napita kando ya Jamhuri mpaka natokea Olympic, na hapo Kianda si mbali tena. Mvua ikinyesha, kitabu kinavaa karatasi ya nailoni na mimi naloa.

Na njiani hakuna kunyamaza. Nilikariri vitenzi kwa sauti, break broke broken, eat ate eaten, hatua tatu kwa kila kitenzi, na akina mama wa mahindi ya kuchoma walishanizoea. Hata tukiruka bladder, ule mpira wa vipande vya tyubu tulivyounganisha wenyewe, hatukuhesabu moja mbili tatu kama watoto wa kawaida. Tuliruka write wrote written. Ukikosea umbo la tatu umetoka mchezoni, hata kama mguu wako haujagusa mpira. Watoto wa siku hizi simu inawasahihishia neno kabla hawajamaliza kulikosea, kisha wanatuambia Kiingereza chetu ni cha kizamani. Sawa. Lakini chetu tulikitolea jasho.

Rispa alikuwa akinipokea mlangoni na swali lile lile. "Sasa Nasi. Umekuja kitabu ama umekuja chapo?"

"Zote mbili."

Shangazi alipika chapati Jumamosi moja kwa mwezi, na kwa bahati ambayo sikuwahi kuieleza vizuri, mara nyingi ilikuwa Jumamosi yangu. Jina langu ni Nasimiyu, Nasi kwa Rispa, lakini Kianda nzima ilinijua kama yule wa kitabu na chapati. Sikujali hata kidogo.

Ploti yetu ya Kawangware ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati, na mwenye ploti, Mama Ciru, mama wa Kikuyu aliyezaliwa hapo hapo wakati kote huko kulikuwa bado shamba la baba yake. Sisi wapangaji tulikuwa karibu wote watu wa Magharibi: mafundi wa mbao, wauza mitumba, wapishi wa nyumba za Lavington. Jioni ungepita kwenye ule ujia ungejua kila nyumba inakula nini. Huku sukuma wiki, huku omena, kule harufu ya mafuta ya taa tu, maana chakula bado. Na redio zote zilikuwa kwenye idhaa moja, kipindi kimoja, kile cha salamu. Fulani wa Mumias anamsalimu fulani wa Kariobangi, na mke wake, na mashemeji, na wote wanaomfahamu popote walipo. Baba yangu alisikiliza majina ya watu asiowajua akitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba amesalimiwa yeye.

Nikuambie kuhusu Baba na salamu. Tukienda pamoja dukani kununua chumvi, tulichukua nusu saa. Kwanza alimsalimu mwenye duka kwa mkono. Kisha akauliza hali ya watoto wake, mmoja mmoja. Kisha hali ya mvua kwao Murang'a. Chumvi ilikuja mwishoni kabisa, kama jambo lililomjia tu. Mimi nimesimama hapo na njaa yangu, Mama kule nyumbani ameshachemsha maji ya ugali mara mbili. Ukimlalamikia alisema, "Mayi, mtu si ukuta. Huwezi kuanza tu kumwambia shida zako." Aliniita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi.

Baba alikuwa soja. Alilinda geti la ofisi fulani Lavington, usiku kucha, na asubuhi alifika nyumbani wakati mimi natoka kwenda shule. Tulikutana pale mlangoni kila siku. Yeye na koti lake refu zito la kazini, mimi na sare yenye kiraka. Alinyoosha kola yangu, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake, akanisalimu kwa salamu ya kwetu ya amani, "Mulembe, Mayi." Nami najibu, "Mulembe, Baba." Ndipo anaingia kulala, nami nakwenda shule. Wengine walianza siku yao kwa chai. Mimi nilianza kwa mkono wa Baba, wenye baridi ya nje na harufu ya moshi wa jiko la kibandani.

Muhula wa pili wa darasa la sita, Madam Awuor alianza kutufunza passive, ile kauli ya kutendwa. Madam Awuor alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu visivyotoa sauti, alivyovivaa makusudi ili akukute ukiongea. Kwake sarufi haikuwa maneno ubaoni tu. Aliita watu watatu mbele. Otieno akawa mpishi, mimi nikawa kitenzi, Wanjiru akawa ugali. Tukasimama hivyo: the cook cooked the ugali, mpishi alipika ugali. Kisha akatuzungusha. Wanjiru aje mbele, maana sasa habari ni ya ugali. Mimi kitenzi nikavishwa koti la buluu la Madam lililobandikwa karatasi yenye neno was, na nikatakiwa kuwa umbo la tatu. Otieno akapelekwa nyuma kabisa karibu na mlango, ameshika kadi yenye neno by. The ugali was cooked by the cook.

"Sasa," akasema Madam, "kama hatujui nani alipika, ama hatujali, mpishi anaenda wapi?"

Tukamgeukia Otieno na kadi yake.

"Otieno, toka nje."

Otieno akatoka. Alibaki huko akituchungulia dirishani huku sentensi ikiendelea vizuri tu bila yeye. Ugali umepikwa, mpishi hayuko, na hakuna kilichoharibika. Madam akatueleza kuwa ndivyo ripoti zinavyoandikwa, na sheria, na matangazo, mahali popote ambapo kilichotendeka ni kikubwa kuliko aliyetenda. Koti linabadilika kufuata wakati, is, was, has been, will be, lakini umbo la tatu halibadiliki hata inyeshe mvua ya mawe. "Na msijifanye hii kitu ni ngeni," akasema. "Ukirudi nyumbani unalia, unasema nini? Nimechapwa. Unasema mwenyewe bila kufunzwa." Tulicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeishi na hiyo sarufi mgongoni miaka yote.

Ni wiki hiyo hiyo mambo ya Baba yalipoharibika. Wenye ile ofisi ya Lavington walikuwa wameamua kwamba watasoma OB wenyewe kila asubuhi, na kwa Kiingereza. OB ni kile kitabu kikubwa cha jalada gumu ambamo soja huandika kila kinachotokea getini: nani ameingia, nini kimeletwa, nani amekipokea na kutia sahihi. Siku zote Baba na wenzake walikiandika kwa Kiswahili kifupi. Sasa msimamizi wao, Sajini Mutiso, aliwaambia kila mtu atapimwa mwezi wa nane. Atakayeshindwa kuandika ripoti ya Kiingereza atahamishiwa godauni la Athi River, ambako masoja walilala huko huko na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

Mama alipokea habari hizo kwa kukoroga uji kwa nguvu. Mimi nilizipokea kwa kuhesabu asubuhi. Mwezi una asubuhi thelathini, na ningebaki na moja. Sikuwahi kuogopa kitu vile, na mimi nilikuwa mtoto aliyeogopa mambo machache.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuja na ukurasa uliokunjwa mfukoni. Alikuwa amejaribu kuandika OB kwa Kiingereza, na Sajini ameuchana ukurasa na kumrudishia. Akanipa mimi nisome, maana ndimi niliyekuwa msomi wa nyumba. Nakumbuka kila neno. "Praise the Lord. I am Wafula. How are you all? I am fine and the gate is also fine. Boss came and I opened for him with joy."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alikuwa amemsifu Bwana, amejitaja jina, amewajulia hali wasomaji, amewaambia yeye hajambo na geti nalo halijambo, na bosi alipokuja alimfungulia kwa furaha. Kiingereza chenyewe hakikuwa kibaya. Lakini Baba alikuwa amejifunza kuandika kwa barua za nyumbani, na kusema mbele za watu alijifunza kanisani, siku za ushuhuda, ambako hakuna mtu anayesimama akaanza kueleza jambo kabla hajawasalimu wapendwa na kusema yeye ni nani. Ndivyo watu wote tuliowajua walivyoongea. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna maandishi yasiyo na mtu ndani.

"Sajini alisemaje?" Mama akamuuliza.

"Aliniuliza, Wafula, hii ni OB ama ni ushuhuda? Akasema niandike tu kitu kilifanyika. Hawataki kujua mimi niko aje."

Nikaruka. "Baba, hiyo tunafunzwa shuleni. Inaitwa passive."

Ndivyo nilivyogeuka mwalimu. Jumamosi mchana Baba akishaamka, tulitoa benchi nje. Mlango wetu wa bati ukawa ubao, na chaki ilikuwa vile vipande vidogo ambavyo Madam Awuor alivitupa, nami nikaviokota. Mama Ciru alipita akaona mlango wake umejaa Kiingereza, akasimama mikono kiunoni. "Mtaosha hiyo mlango yangu," alisema, kisha akabaki hapo hapo kusikiliza, na Jumamosi iliyofuata akaja na kigoda chake. Watoto wa ploti nao wakakusanyika. Kwa koti la was tulitumia koti la kazi la Baba lenyewe, lile zito la kufika magotini. Nikamvisha Baba, yeye akawa kitenzi, mdogo wangu akawa geti, na mtoto wa jirani akawa soja anayepelekwa nyuma. The gate was opened. Geti lilifunguliwa.

Lakini Baba alikuwa na maswali ambayo Madam Awuor hakunitayarishia.

"Lilifunguliwa na nani?"

"Haijalishi, Baba."

"Inakosaje kujalisha? Bosi akisoma atafikiri geti imejifungua. Ataogopa."

"Atajua ni soja."

"Na soja hana jina?" Kisha akatazama ubao. "Na sijamsalimia bado. Nitamwambiaje mtu habari ya geti na sijamwambia hata habari ya asubuhi?"

Wiki tatu tulikuwa hapo. Alijua koti, alijua umbo la tatu, alikariri seen na taken na brought akinyoa ndevu. Ila akipewa kalamu, mkono wake ulianza na salamu. How are you. Nafuta. Anaanza tena. Good morning to you. Nafuta. Mwezi wa nane ulikuwa unakaribia, na Jumamosi moja, mbele ya Mama Ciru na watoto wote, nikatumia sauti ya Madam Awuor na maneno ambayo ni yangu mwenyewe. Nilimwambia, "Baba, hata mtoto wa darasa la tatu angekuwa ameshika. Wewe kichwa yako ni ngumu."

Watoto walicheka. Baba alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi, akaingia ndani. Mama Ciru akabeba kigoda chake akaondoka bila kunitazama. Mama alitoka na sufuria mkononi, akaniambia maneno ambayo ninayo mpaka leo: "Huyo alikuwa baba yako kabla hajakuwa mwanafunzi yako." Niliosha mlango peke yangu. Nililia nikiuosha, na si kwa ajili ya chaki machoni.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tuliporudi kutoka kanisani, nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi nikitafuta namna ya kuomba msamaha, na mtoto wa enzi zile hakufunzwa kumwomba mzazi msamaha kwa maneno. Baba akatoka. Amevaa koti la kazi, jua lote lile la saa nane. Akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono. "Mulembe, madam," akasema.

Nikashika ule mkono. Na hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu changu cha nyumba mbili. Mtu huyu, hata akitukanwa na mtoto wake mwenyewe, kazi haianzi kabla hajasalimu. Kumwambia aache salamu ilikuwa kama kumwambia aache kupumua kwanza ndipo aandike. Ubaya haukuwa kichwa chake. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta kitu kisichofutika.

"Baba," nikamwambia, "salimia. Salimia kitabu kwa mdomo. Ukimaliza, andika."

Akainama mbele ya mlango wa bati, akasema kwa sauti ya chini, "Mulembe, kitabu. Habari za huko kwenu." Akangoja kidogo, kama anayeachia nafasi ya jibu. Kisha akachukua chaki akaandika, bila kusita, kwa mwandiko wake mzuri wa shule za zamani: The gate was opened at six. Milk was brought. The lights were switched off. Mistari mitatu, na yeye mwenyewe hayumo. Nilipiga makofi peke yangu. Mama alichungulia kutoka ndani akarudi haraka, lakini nilimsikia akicheka.

Siku ya kupimwa ilikuwa ndani ya likizo ya Agosti, na Mama akanituma nimpelekee Baba chai ya chupa. Kutoka 46 kwenda Lavington si mbali, unavuka tu upande wa pili na mabati yanageuka kuwa michongoma iliyokatwa vizuri. Nilifika wakati masoja wa usiku wanabadilishana na wa mchana. Walikuwa wanane kando ya ukuta, kila mmoja na karatasi. Sajini Mutiso, mtu mfupi mwenye mikunjo ya suruali iliyonyooka kabisa, alikuwa anawaeleza. "Mimi nitafanya vitu. Nyinyi mtaandika. Dakika kumi."

Akafungua geti akaingia. Akaangusha ndoo ya maji, akaiinua. Akafunga dirisha la kibanda. Akachukua gazeti lililokuwa juu ya kiti akalitia kwapani.

Wengine wakaanza kuandika pale pale. Baba akainamia karatasi yake, nikaona midomo yake ikisogea. Mwenzake aliyekuwa kando akacheka. "Wafula anaombea karatasi." Mimi nilijua alichokuwa akifanya, na nilishika ile chupa ya chai kwa mikono yote miwili.

Sajini alikusanya karatasi akawa anazisoma moja moja kwa sauti. Ya kwanza akaitupilia mbali. Ya pili ilikuwa nzuri nusu. Akafika kwa Baba. Akasoma polepole: The gate was opened at ten to seven. A bucket was knocked down. It was lifted. The window was closed. A newspaper was taken.

"Gazeti ilichukuliwa na nani?" akauliza.

"Ni wewe, afande," Baba akasema. "Lakini nimekutoa nje."

Masoja wakaangua kicheko. Sajini hakucheka, bado alikuwa anatazama chini ya ukurasa. "Na hii ya mwisho ni nini?" Akaisoma kwa sauti. "Greetings are sent to all."

Nilijua tumekwisha. Nikaona Athi River, nikaona mlango wetu asubuhi bila mtu.

"Ni salamu, afande," Baba akasema. "Zimetumwa kwa wote. Nimeziandika vile mlisema. Mimi siko ndani."

Sajini Mutiso alisoma ule mstari tena, safari hii bila sauti. Alikuwa mtu wa Machakos, na nadhani hata kwao mtu hakuanza kuongea bila kujuliana hali, ila Nairobi na kazi vilikuwa vimemzoesha vingine. Akatoa kalamu mfuko wa shati. Kwenye OB, kitu chochote kinacholetwa getini lazima anayekipokea atie sahihi. Akaandika pembeni ya mstari wa mwisho neno moja, Received, yaani zimepokelewa, akaandika na saa, akatia sahihi.

"Zimefika," akasema. "Wafula, utabaki hapa."

Sijui nilifikaje pale ukutani, lakini chai niliimimina mimi mwenyewe, na Sajini akanywa ya kwanza. Baba akaniweka mkono begani mbele ya wote. "Huyu ndiye madam wangu," akawaambia. Nimepata shahada tangu siku hiyo, na nimevaa joho nikapigwa picha. Hakuna siku iliyonifanya nijione mkubwa kama ile, na sandaki zangu zimejaa tope.

Baba alibaki, na mlangoni tukaendelea kukutana kila asubuhi. Wale masoja wengine nao walianza kumalizia ripoti zao hivyo, hata wa mchana, mpaka wenye ofisi wakazoea kwamba kila siku baada ya maziwa na mataa walikuwa wametumiwa salamu. Waliokuwa wanashindwa kuandika walikuja kwetu Jumamosi kukaa kwenye lile benchi. Safari hii mwalimu alikuwa Baba, na alimvisha kila mmoja koti lake mwenyewe. Mama Ciru alimwomba amwandikie tangazo la ploti, naye akaandika kwa rangi nyeusi juu ya kipande cha bati: Water is fetched from six to ten. Greetings are sent to all. Lilikaa pale bombani mpaka kutu ikalila.

Siku hizi nafanya kazi ofisi ya bima, nasoma ripoti za ajali kutwa. Gari liligongwa, kioo kilivunjwa, taa zilizimwa. Vijana wangu wa ofisini wana akili sana, sitawanyima, lakini ujumbe wao unakuja umekatwa miguu. "Noted." "K." Herufi moja. Nikiwauliza habari za asubuhi kabla ya faili, wananitazama kama nimewaomba pesa. Enzi zetu habari ilitembea Dagoretti Corner hadi Kianda kwa miguu, na ikifika ilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na mkono wa kutoa. Sasa inafika kabla hujamaliza kuiandika, na haiji na mtu.

Nami si mwema kuliko hao vijana. Baba alistaafu akarudi Bungoma, na Mama yuko naye. Ana simu yake ndogo ya tochi, na kila jioni saa moja ujumbe unaingia. The cow has been milked. Tea has been taken. Greetings are sent to all. Miaka mingi sasa, bila kukosa. Mimi huupeleka kwenye kundi la familia, naongeza ua moja, narudi kwenye ripoti zangu. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili sijafika nyumbani. Kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Jumanne moja ujumbe ulikuja mfupi. The cow has been milked. Tea has been taken. Basi. Nikangoja, nikafikiri umekatika. Nikapiga simu. Baba akasema wako sawa wote, ng'ombe pia, akakata. Sikulala vizuri. Alhamisi niliomba ruhusa, Ijumaa asubuhi nikaondoka Nairobi.

Nilimkuta getini pa boma lake, amesimama wima vile vile, kana kwamba zamu haijaisha. Alinifungulia mwenyewe. Sikumsalimu kwanza, na hilo halijawahi kunitokea. Nilimuuliza, "Baba, salamu za Jumanne zilienda wapi?"

Alinyoosha kola yangu, mimi mama wa watoto watatu. Kisha akanipa mkono, na ulikuwa umekuwa mwepesi, mifupa yote naisikia.

"Nimezituma sana, Mayi," akasema. "Hizi nilitaka zipokelewe kwa mkono."

Nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikamwambia, "Zimefika, Baba."